Siidii Kwenye Sukuma Wiki

Mashine iliyonila mkono ilikuwa na vitufe viwili. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema lolote la kompyuta, maana watu huniuliza mkono ulifanyaje, halafu hawangoji jibu.

Ilikuwa pasi kubwa ya mvuke, katika duka la dobi kule Parklands. Unatandaza suruali, unabonyeza kitufe cha kushoto kwa mkono wa kushoto na cha kulia kwa mkono wa kulia, vyote kwa pamoja, ndipo kile kifuniko cha moto kinashuka. Aliyeiunda alikuwa na akili. Mikono yote miwili ikiwa kwenye vitufe, hakuna mkono unaobaki ndani. Supavaiza wetu naye alikuwa na akili yake. Alichukua blada, ule mpira wa ndani ya tairi la baisikeli, akaufunga juu ya kitufe cha kulia kikae kimebonyezwa siku nzima, ili mkono wa kulia uwe huru kupanga nguo huku wa kushoto unafanya kazi peke yake. Kazi ikaenda mbio, wateja wakafurahi. Mimi nilikuwa nanyoosha ukosi wa shati kifuniko kiliposhuka.

Kwa hiyo wa kwanza kunikosea ni yeye, supavaiza wa blada. Wa pili ni mwenye duka, aliyekuja wodini na machungwa kwenye mfuko wa plastiki akamwambia nesi, mimi nikisikia, kwamba nilikuwa nimesinzia kazini. Wenzangu walinieleza baadaye kwamba blada ilitolewa jioni ile ile, kabla hata mvuke haujapoa. Ukiona mtu anaficha kitu haraka hivyo, ujue alijua. Majina yao ninayo. Siyaandiki kwa sababu mume wangu amenisihi, lakini wakisoma hapa watajiona. Wa tatu ni wa ukoo wetu, huyo nitamfikia.

Haya, nimeyatema. Yaliyobaki ni mazuri zaidi.

Wakati huo tulikaa Kileleshwa, na usinione wa juu kwa kutaja Kileleshwa. Mume wangu alikuwa mtunzaji wa jumba la flati, yule anayeitwa maji yakipotea na taa zikizima, na chumba chetu kilikuwa nyuma, kando ya matangi, kikiwa na kipande cha ardhi tulichopanda sukuma wiki. Watoto walikuwa kwa bibi yao Kakamega wakisoma. Basi tulikuwa wawili, yeye, mimi, na mkono wangu uliokuwa umekauka kama glavu iliyosahauliwa kwenye kamba. Ngozi ilikuwa imepona lakini kovu lilivuta vidole, havikunjuki wala havikunjiki.

Mume wangu ndiye aliyepika. Ni mtu mwenye mikono ya ajabu kwa mabomba, bomba likimwona linanyamaza, lakini ugali wake sitaki kuusimulia watu wakiwa wanakula. Ulikuwa na madonge ambayo ukiyapasua unga mkavu unakurukia kooni. Alinitazama nikitafuna, nami nikasema ni mzuri. Mwanamke wa Kakamega kulishwa ugali wa namna ile na mumewe, tena kwa kijiko, ni aibu ambayo hata leo dada zangu hawaijui.

Miaka ile Kileleshwa nyumba za zamani zenye bustani zilikuwa zinabomolewa na flati zinaota kama uyoga. Nyuma ya ukuta wetu mjengo ulikuwa umeanza, na wale vijana wa zege walikuwa wanakula mkate mkavu na soda. Nyapara wao, mzee mmoja Mkamba asiye na maneno mengi, alikuja siku moja kuomba maji kwa mume wangu, akanikuta nimekaa kwenye ndoo. Akauliza kama napika. Akasema ana watu njaa inawaua, na kwamba kuna kona pale karibu na geti ambapo kibanda kinaweza kusimama.

"Mama, ukiweza kusonga ugali ya sufuria kubwa, hiyo kona ni yako," aliniambia. "Lakini tukifika ghorofa ya pili mwenye mjengo ataleta mtu wake wa kupika. Mimi siwezi kukuwekea zaidi ya hapo."

Hakuwa ameuona mkono, ulikuwa ndani ya leso. Nikamwambia nitaweza.

Tangu siku hiyo nilikuwa nachungulia juu ya ukuta kila asubuhi kuona zege limefika wapi.

Pale hospitali palikuwa na dada wa mazoezi ya viungo, mpole lakini hasikii kilio. Alinipa mpira wa sponji, akaniambia niubane na kuuachia kutwa nzima, la sivyo kovu litajikaza na vidole vitabaki hivyo hivyo maisha yangu yote. Niliubana. Machozi yalinitoka mpaka yakaisha. Halafu, ukisha kubana sponji mara mia, unapata nini? Sponji. Nikautupa chini ya kitanda, na paka wa flati akauchukua.

Kompyuta ilikuja kwa mpangaji wa ghorofa ya tatu, msichana wa ofisini aliyekuwa anakwenda ng'ambo kusoma. Mume wangu alikuwa amemtengenezea hita ya maji zaidi ya mara nilizoweza kuvumilia, kwa hiyo alipokuwa anafunga mizigo akamwachia kompyuta yake nzima, skrini ya mgongo mrefu, kibodi na kipanya. Akakaa nasi mchana mmoja kutuonyesha. Akasema haina Windows, ina Linux, na tusishangae, ni ya bure, imetengenezwa na watu wa kila mahali na mtu yeyote anaruhusiwa kuinakili na kumpa mwenzake. Akatuachia na bahasha kubwa yenye siidii za hiyo hiyo Linux, kila moja ndani ya karatasi yake nzuri. Alikuwa ameziagiza kwa posta kutoka ng'ambo, zikaja bila malipo, akajaribu kuzigawa ofisini na kanisani, hakuna aliyezitaka.

Hata mimi nisingezitaka. Kitu cha bure nakizunguka kwanza niangalie nyuma yake kumesimama nani. Hata machungwa ya mwenye duka yalikuwa ya bure.

Mume wangu akaona siidii zinang'aa, akazitoa kwenye karatasi, akazifunga kwa nyuzi juu ya vijiti katikati ya sukuma wiki. Ndege walikuwa wanatumaliza. Upepo ukipita zikawa zinazunguka na kumulika ukuta mzima, na ndege wakahama kwa majirani. Tumbili wanaotoka upande wa msitu wa Arboretum ndio hawakuogopa. Mmoja alikwenda na siidii yake akajitazamia juu ya mti wa mjakaranda asubuhi nzima.

Kompyuta yenyewe tukaiweka juu ya meza ya kulia chakula, maana ndiyo iliyokuwepo. Ile programu ya kuandika yule msichana alikuwa ameiweka kwa Kiswahili. Juu pameandikwa Faili, Hariri, Hifadhi. Mimi niliyeishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa, nikajikuta mbele ya mashine inayonisemesha kwa lugha ninayoombea chumvi. Nikaanza kuandika matangazo ya jumba kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja: maji hayatakuwepo Jumatano, tafadhali msitupe nepi chooni. Mume wangu alikwenda kuyachapisha saibakafe ya Westlands, akayabandika kwenye ngazi, na wapangaji wakadhani ajenti wa jumba ameajiri karani.

Halafu tukapata michezo. Ulikuwepo wa karata, wa mabomu ya kutegwa, wa nyoka, na mmoja wa matofali yanayoanguka. Tofali linashuka kutoka juu, la mraba au lenye kiwiko, nawe unalisogeza na kuligeuza likae vizuri na wenzake. Mstari ukijaa unatoweka, ukikosea ukuta unapanda mpaka unakufunika. Mume wangu akacheza, akafunikwa. Nikacheza kwa mkono wa kushoto, nikafunikwa. Tukacheka, na ilikuwa zamani hatujacheka katika chumba kile.

Mume wangu hawezi kuona kifaa bila kukifungua. Katika kuchokonoa akapata mahali ambapo mchezo unakuuliza unataka kitufe gani kisogeze kushoto, kipi kulia, kipi kigeuze, kipi kiangushe. Akanitazama, akatazama mkono wangu ulioko kwenye leso. Akaweka herufi nne zilizo jirani upande wa kulia wa kibodi, kila kidole na yake, akauchukua mkono wangu akauweka juu yake kama mtu anayepanga vikombe.

Siku za kwanza kilifanya kazi kidole cha shahada peke yake. Nikakipa kazi ya kugeuza, ndiyo nyingi, na nyingine nikafanya kwa kushoto. Kilipopata nguvu nikakihamishia kazi nyepesi, ile ya kugeuza nikaipeleka kwa kidole cha kati. Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Kila kidole kilichopona kilipumzishwa, na kilicholala kikapewa zamu ya taabu. Maumivu yalikuwa yale yale ya sponji, lakini sponji haikuniletea tofali refu wakati nina shimo la kulijaza. Nilijikuta nimebonyeza kwa kidole cha pete kabla sijakumbuka kwamba hakibonyezi.

Nilikuwa nafua kidogo, nafagia ngazi, halafu mchana jumba likitulia nakaa najenga. Nyuma ya ukuta nao wanajenga. Nikisikia mashine ya zege nauma meno na kuongeza kasi.

Sasa wa tatu. Ndugu mdogo wa mume wangu alikuwa na kimeza chini ya ngazi za jengo moja Luthuli Avenue, akiuza chaja na makava ya simu na kutengeneza kompyuta. Kutengeneza kwake kulikuwa na dawa moja tu, kufomati. Kompyuta ikiwa nzito anafomati, ikikataa kuwaka anafomati, ukimpelekea kibodi iliyomwagikiwa chai nadhani ataifomati pia. Halafu anakuwekea Windows ya kunakili, ambayo siidii yake ameiandika kwa kalamu ya wino mzito. Si yeye peke yake, mtaa mzima ulifanya hivyo, na watu waliondoka wakishukuru. Alikuja Jumapili moja baada ya kanisa, akakuta nacheza, akasimama nyuma yangu mikono kiunoni.

"Shem, hii kitu mnatumia ni ya maprofesa wa kupima hewa," akasema. "Wacha niwawekee kitu ya watu."

Nikamwambia hii hapa imetutosha, asiiguse. Akacheka, akala, akaondoka.

Siku yangu ya kliniki akarudi na teksi, akamwambia kaka yake anataka kumfanyia mama watoto jambo zuri la ghafla. Mume wangu akamsaidia kuibeba kompyuta, nayo ikarudishwa kabla sijafika. Ni ndugu yake, atamwambiaje hapana.

Na siku hiyo hiyo, kule hospitali, dada wa mazoezi alikuwa amekunja vidole vyangu kimoja kimoja, akavikunja tena. Akaniuliza nafanya nini nyumbani. Nikamwambia najenga. Akadhani nimeanza kubeba mawe kwenye mjengo, akataka kunigombeza, nikamweleza. Alicheka mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Kisha akawa makini akaniambia nisiache hata kidogo, kwa sababu kovu limeanza kulegea na nikiliachia sasa litarudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Nikafika nyumbani nikitembea kama niliyepewa kiwanja. Kwenye skrini kulikuwa na kilima cha kijani na mawingu, ile picha ya Windows. Faili na Hariri hakuna, matangazo yangu yote hakuna. Michezo ilikuwepo ya karata na mabomu, yote ya kipanya, unabofya tu kwa kidole kimoja kilichokwisha kupona. Nilitafuta matofali mpaka macho yakauma. Mume wangu akampigia ndugu yake, akajibiwa kwamba mchezo kama huo upo, atautafuta, tusiwe na haraka. Kesho yake alipita na flashi yake kutuwekea nyimbo za injili, na nyimbo zikaja na virusi. Kila faili likazaa pacha wake, mashine ikawa inachukua muda wa kuchemsha chai kabla ya kufungua ukurasa mtupu.

Siku zikapita hivyo. Nikarudia kubana vitu, soksi, ndimu, lakini ukweli ni kwamba mtu habani ndimu kwa muda ule aliokuwa akicheza. Asubuhi moja niliamka vidole vimejikunja ndani kama zamani. Juu ya ukuta nikaona wanafunga mbao za kumwagia zege la ghorofa ya kwanza.

Nikauchukua mwiko mkubwa, nikaushika mbele ya mume wangu. Ukaponyoka ukaanguka sakafuni. Nikauokota, ukaanguka tena.

"Huyo ndugu yako amenirudisha Parklands," nikamwambia.

"Hakujua, mama watoto. Alitaka kusaidia."

"Nilimwambia asiguse. Nilimwambia kwa Kiswahili."

Alitoka nje nikadhani amekasirika. Nilipochungulia dirishani nikamwona kwenye sukuma wiki, ameinama, anakata nyuzi.

Alirudi na siidii zote ambazo tumbili hawakuwa wamezichukua, amezikumbatia kifuani zikiwa na tope na mavi ya ndege. Nilikuwa nimezisahau kabisa. Kumbe dawa ilikuwa inaning'inia nje, tukiipita kila siku kwenda kuchuma mboga. Tukaziosha kwenye karai kwa sabuni ya vyombo, tukazikausha kwa fulana yake ya kanisani, iliyokuwa laini kuliko zote. Ya kwanza ilikuwa imekwaruzwa na waya, mashine ikaikoromea na kuitema. Iliyofuata ilifika nusu ikakwama. Mume wangu akawa anaomba kwa sauti ndogo, nami nikawa namlaani ndugu yake kwa sauti ndogo, hatukujua ni nani kati yetu anayesikilizwa. Kuna moja iliyokuwa imening'inia chini, kivulini kwa majani. Hiyo mashine iliipokea. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka, na ile skrini niliyoizoea ikajitokeza, polepole, kutoka kwenye siidii yenyewe bila kuweka chochote ndani. Nikafungua michezo. Matofali yalikuwepo.

Tungeweza kuacha hapo, tuwe tunaiwashia siidii kila siku, lakini tuliogopa nayo isije ikachoka. Palikuwa na kipicha cha kubofya ili uiweke ndani kabisa. Tukafuata, tukisaidiana Kiingereza kidogo alichokuwa nacho kila mmoja, mpaka ikauliza kama tunataka ifute kila kilichomo ndani.

Mume wangu akasita. "Ndugu yangu tutamwambia nini?"

"Tutamwambia tumefomati."

Nikabonyeza, kwa kidole cha pete cha mkono wa kulia, ingawa kilikuwa kinawaka moto.

Menyu za Kiswahili hazikurudi, zile aliziweka yule msichana mwenyewe, na mpaka leo huwa nazikumbuka. Programu na michezo yote ilirudi, bila mtu kuja kudai chochote, nami nilingoja sana nimwone huyo mtu. Siidii tukazirudisha kwenye vijiti vyake. Nikajenga. Nilijenga asubuhi na mchana, nikivipa vidole zamu zao, kile kidogo cha mwisho nikakipa kazi ya kuangusha. Mume wangu akaacha kuomba zamu yake ya kucheza, akabaki akiniambia "geuza, geuza" kutoka jikoni huku akiharibu unga.

Zege la ghorofa ya kwanza lilikuwa limekauka na nguzo za ya pili zimesimama nilipomwambia nyapara kesho napika. Mume wangu akaweka mawe ya jiko kwenye ile kona, akaleta sufuria tuliyoazima kanisani, ile ya harusi. Maji yalipotokota nikamwaga unga, nikashika mwiko kwa mikono yote miwili. Vijana walikuwa wamejipanga kwenye ukuta na sahani. Mume wangu alisimama karibu nami, mikono tayari. Ugali ukaanza kuwa mzito, ule uzito unaotaka bega, na kovu likavuta nikasikia mpaka shingoni. Vidole vilibaki vimejikunja kwenye mpini. Nikageuza, nikakandamiza, nikageuza. Mwiko haukuanguka.

Nyapara alifinyanga tonge, akalitazama pande zote kama tofali, akala.

"Mama, hii inasimama," akasema, akaomba aongezwe mboga.

Mboga ilikuwa sukuma yetu. Jengo lilipofika ghorofa ya pili mwenye mjengo kweli alileta mtu wake, lakini vijana hawakwenda kwake, na akahama mwenyewe. Nilipika pale mpaka paa lilipoezekwa, halafu nikahamia mjengo uliofuata, na mwingine baada ya huo. Ndiyo kazi iliyosomesha watoto.

Shemeji alikuja kula siku moja, akanawa, akaketi na vijana wa zege. Akalalamika kwamba virusi vimemzidi, wateja wanamrudishia kompyuta kila wiki. Akauliza, akitazama sahani yake, kama zile siidii zetu bado zipo. Nikamwambia aende mwenyewe kwenye sukuma achume, lakini azioshe. Baadaye nikasikia anaziuza Luthuli. Kitu kilichoandikwa ni cha bure, kilichofukuza ndege kwangu, yeye anakiuza. Nimemwandika hapa na akisoma atajiona.

Jengo lilipokamilika lilituzibia jua, sukuma ikawa nyembamba, na siidii zilizobaki zikaacha kumulika. Hatukuzitoa. Mchana nikimaliza kuosha sufuria nilikuwa narudi chumbani, nakaa mezani, naweka mkono juu ya zile herufi nne. Matofali yanashuka, nayapanga. Mume wangu anauliza kutoka mlangoni tutakula nini jioni, namjibu asiguse unga, nakuja.